Pete Niliyompa Sulis

Pete ile niliitupa kwa mkono wangu mwenyewe. Veloriga wetu alipochemka homa siku tisa, nilimwekea Bibi Sulis, mungu wa chemchemi yetu ya moto, nadhiri ya kitu nilichokipenda kuliko vyote: pete ya fedha aliyonivisha mume wangu Catianus. Ilichorwa maneno ambayo kuyasoma siwezi, lakini nayajua kwa moyo: "Uhai wangu ni wewe tu." Mtoto akapona. Nikaenda hekaluni, nikaitumbukiza kwenye chemchemi. Alichopewa Sulis hakiopolewi, kikiopolewa nadhiri imevunjika.

Sasa niambie, mwezi mmoja baadaye ilifikaje kwenye kidole cha mwanamke katika bafu la umma?

Nilimwona katikati ya mvuke, anajikwangua mafuta ya kuogea mkononi. Fedha ileile, herufi zilezile, na lile jani dogo lililochorwa mwishoni mwa maneno. Kama kaiopoa, basi Sulis hana pete yake, na homa itarudi kumchukua mwanangu.

Lakini kumwita mtu mwizi bila ushahidi ni kujitafutia balaa. Nikafanya tunavyofanya sote hapa: nikaenda kwa Docca, mwandishi wa laana wa pale langoni pa hekalu.

"Jina la mwizi?"

"Silijui."

"Basi yale ya kawaida. Awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au huru. Tumnyime nini? Usingizi au choo?"

"Usingizi. Andika, yeyote aliyenidhulumu kwa pete ile."

"Kakudhulumu wewe, au kamdhulumu Sulis? Si ulishampa?"

"Sote wawili! Andika bwana, usinichanganye, nimeshachanganyikiwa vya kutosha."

Akakwaruza kwenye kibamba cha madini ya risasi, akakikunja, nami nikakitupa chemchemini asubuhi ileile. Laana ya namna hiyo haina kurudi nyuma.

Siku ya nne nikamkuta tena bafuni. Uvumilivu ukanishinda.

"Dada, pete nzuri hiyo. Hebu niione."

"Utairudisha lakini?" Akacheka, akaivua. Aliitwa Materna, mfuma sufu wa ng'ambo ya mto. "Mwenzio nimechumbiwa."

Pete yangu iliwahi kubanwa na jiwe la kusagia, lile jani likapinda. Nikaifumba hii kiganjani kwanza, nikaogopa kuitazama. Jani likiwa limepinda, mwanangu yuko hatarini. Likiwa zima, basi pete zilikuwa mbili, na mume wangu... Nilisimama pale uchi, maji yakinichuruzika, sijui niombe lipi. Mwisho nikaomba liwe zima.

Lilikuwa zima.

"Kakuchumbia nani?"

"Catianus, mkata mawe. Anasema mkewe alishafariki, maskini. Mbona unalia?"

"Mvuke."

"Na mbona unacheka?"

"Mvuke huohuo, dada."

Nikamrudishia. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa ameivaa kwa furaha ileile niliyoivalia mimi yangu, na mtu mwenye furaha ile hana analolijua. Nilimwambia tu aulize vizuri kama huyo mke amezikwa.

Njiani nilimshukuru Sulis kwa sauti, nikamlaumu, nikamshukuru tena. Muuza soseji akanitazama kama mwehu. Mwanangu yu salama, na mimi nimefanywa mjinga. Nilijaribu kuwa na hasira, furaha ikaniingilia. Nikajaribu kufurahi, nikaona uchungu.

Nyumbani Veloriga alikuwa anamfukuza bata uani huku akipiga kelele, mzima kama ndama. Baba yake alikaa kizingitini, macho mekundu, bakuli la uji pembeni halijaguswa.

"Mama Veloriga," akasema, "hebu nichemshie majani yoyote unayoyajua. Leo siku ya nne sijapata hata lepe la usingizi."