Maua ya Profesa Wiesleitner

Watu wa Vienna na makaburi yao, we acha tu! Sikukuu ya Watakatifu Wote ikifika, asiye na kaburi la kuwashia mshumaa huona aibu. Walburga alikuwa nalo la ziada. Mbali na kaburi la baba yake, alijitwika kulitunza la Profesa Wiesleitner, daktari aliyekufa bila mtoto, kwa kuwa ndiye aliyeugundua zamani ugonjwa alio nao mwanawe Lenz, nao ukaitwa kwa jina la daktari huyo. Miaka miwili madaktari walisema mtoto kadekezwa tu, ndiyo maana anaanguka. Siku mmoja wao alipotamka "ugonjwa wa Wiesleitner", Walburga aliangua kicheko cha furaha, maana ugonjwa wenye jina ulikuwa na vidonge.

Mama yake, Bi Kreszenz, hakuwahi kulikanyaga kaburi hilo. Kila mwaka miguu ilimuuma. Safari hii Walburga akachoka.

"Mama, we vipi? Kwa baba unafika mbiombio, hapa kona tu miguu inauma? Huyu ndiye aliyemwokoa mjukuu wako!"

"Niache, mwanangu."

"Sikuachi! Kushukuru tu kunakushinda?"

Bibi akaburutwa. Lenz, mwenye miaka minane, alikwishatangulia na magongo yake, anafuta majani juu ya jiwe.

"Bibi, njoo! Huyu ndiye daktari wangu!"

"Naja, mume wangu," akasema bibi. Alifika, akalisoma lile jina, kisha akakipiga teke chungu cha maua kikapasuka vipande.

"Mama! Watu wanatazama!"

"Watazame! Unampa maua huyu? Huyu?"

Akashikilia jiwe la kaburi la jirani, anahema.

"Mdogo wangu Poldi hakufa kwa homa ya mapafu. Ndivyo walivyotuandikia tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili huyu bwana alimpa peremende, akasema mleteni wodini, tutamtibu. Mama yangu akambusu mkono, Walburga. Akambusu mkono! Watoto wagonjwa kama Poldi serikali ya wakati ule haikuwataka. Akawachoma sindano wakafa, kisha akawapasua vichwa ajue walikuwa na nini. Vita vilipokwisha, muuguzi mmoja wa pale alitujia akilia, akatueleza yote."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Ulirudi na jina lile unacheka, mwanangu. Miaka miwili nyumba ilikuwa haijasikia kicheko chako. Ningekunyang'anyaje?"

Walburga akakaa chini palepale kwenye unyevu. Alitaka kulitemea mate lile jiwe, lakini akavikumbuka vidonge alivyompa mwanawe asubuhi, na mate yakamkauka. Alijua sasa elimu ya vidonge vile ilichotwa wapi. Akalia kwa sauti mbele za watu wa heshima na mashada yao.

Lenz alikuwa kasimama, amesikia neno kwa neno.

"Bibi, Poldi alikuwa anaumwa nini?"

"Alikuwa anaanguka anguka, mume wangu."

"Kama mimi?"

"Kama wewe."

Mtoto akaondoa mkono wake juu ya jiwe, akaufuta kwenye koti.

"Kwa hiyo na mimi angenichoma?"

Walburga akafumbua kinywa aseme hapana, mama yake akamtangulia.

"Ndiyo, mume wangu. Na wewe."