Flashi ya Kulwa na Nyimbo za Nyakanga

"Ukinifia wewe, nami umeniua," Brigita aliiambia kompyuta, akaipiga kofi dogo mgongoni. Wapi! Ilikaa kimya. Ndani yake alikuwa amerekodi sauti ya marehemu mama yake, nyakanga aliyewafunda wasichana wa Makote mpaka uzee ukamkalisha, na sauti hiyo haikuwapo mahali pengine popote duniani.

Kulwa, fundi Msukuma mwenye kibanda Newala mjini, alifika na begi lake; kwa simu alishaambiwa kuwa inatafutwa sauti ya marehemu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sioni CD? Tena hii yenyewe pa kuingizia CD pamekufa zamani."

"Hatuhitaji CD." Akatoa flashi, ndogo kama korosho. "Linux yote, mfumo mzima wa kuendesha kompyuta, imo humu."

"Weee! Humo?"

Akaichomeka, akawasha huku akibofya kitufe, akachagua flashi. Kioo kilichokuwa cheusi tangu masika kikawaka buluu. Brigita akashika mdomo. Kulwa alisema diski bado hajaigusa. Mashine yote ilikuwa inaendeshwa na kile kidude tu. Jamani, imeazimwa pumzi! Kisha mafaili yakajitokeza, yote yameandikwa Unyago.

"Ngoja tujaribu sauti," Kulwa akasema, kidole tayari.

"Koma!" Brigita aliirukia kompyuta, akaikumbatia. "Nyimbo hizo mwanaume hasikii! Huko kwenu hamna mambo ya wanawake? Toka nje!"

Kulwa akatoka, uso umemshuka. Akaomba radhi akiwa barazani, mlango umeachwa wazi kidogo. "Sasa nani ataisakinisha hiyo Linux ndani ya diski, mama?"

"Mimi. Wewe sema, mimi nabonyeza. Huigusi tena."

Basi akaelekezwa kwa sauti: lugha, jina, neno la siri. Mambo yalikwenda vizuri mpaka yakaja machaguo mawili. Akayasoma kwa sauti. La juu: Futa diski nzima. La chini: Sakinisha kando ya mfumo uliopo.

"La chini!" Kulwa akapaza sauti. "Ukigusa la juu, mama yako ndiyo basi tena!"

Brigita aliogopa, aliogopa kweli. Akalisoma tena lile la chini, neno kwa neno. Akamtaja Mungu, akabonyeza la chini. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo, naye hakuthubutu hata kuupumulia.

Ulipofika mwisho, akachomoa flashi kama alivyoambiwa, akawasha upya. Kompyuta ikawaka yenyewe, bila kidude chochote.

"Mungu wangu," akanong'ona. "Imesimama kwa miguu yake!"

"Mafaili utayakuta pale pale," Kulwa akasema. "Mimi naenda barabarani, na masikio nitayaziba." Viatu vyake vikasikika vikienda mbali.

Brigita akafungua faili la kwanza. Ukaja mkwaruzo, halafu kikohozi. Kisha mama yake, kwa Kimakonde, mkali vile vile, kana kwamba ameketi mkekani hapo mbele:

"Brigita, mlango umeufunga?"

Machozi yakamtiririka. Akageuka. Mlango ulikuwa bado wazi kidogo, kama alivyouacha ili amsikie fundi. Akainuka mbiombio, akausukuma, akatia komeo.

"Nimeufunga, mama," akajibu.

Ndipo mama yake akaanza kuimba.