Rodi za Nyuma za Gari la Ndizeye

Mimi Leonardi sipendi gari lenye ubishi, na katika miaka yangu yote ya ufundi wa magari pale Gungu, Kigoma, hakuna lililonibishia kama Celica jekundu la Ndizeye. Lilikuwa gari la michezo la zamani, milango miwili, usukani kushoto. Liliingia kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, watu walipokuwa wakimiminika kupitia mpakani Manyovu na kuteremka Kalinzi. Ndizeye alikuwa dereva, mkewe Inamahoro pembeni na binti yao Ella mapajani. Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa ili duka lao la ushonaji lipate pa kukaa: cherehani mbili za chuma na meza zake, pasi za mkaa, majora ya vitambaa, na juu yake gunia la maharage ya mbegu. Kwa mzigo ule na barabara ile, rodi za nyuma, zinazoishika ekseli ya matairi isiyumbe, zilifika Kigoma zimepinda na bushi zake, vile vipira vya kwenye maungio, zimekwisha.

Ndizeye alitaka jambo moja tu: gari linyooke, ili siku redio itakaposema kwao kumetulia, awashe na kuondoka. Kwa hiyo mzigo haukushushwa. Ulibaki garini chini ya turubai lililofungwa kamba. Aliniambia Jumapili wanarudi. Jumapili ikapita, akasema ijayo. Tena akaniwekea sharti: gari halilali gereji. Kila jioni lazima lirudi kwake, liegeshwe likitazama barabarani.

Tukaanza kubishana juu ya rodi. Mimi nilitaka kumchomelea za chuma kizito, za urefu mmoja, mambo yakaisha. Yeye alitaka za kurekebisha, zenye nati unayoizungusha ukitaka ziwe ndefu au fupi. Alikuwa ameziona kwenye magari ya mashindano. Nilimwambia rodi ya namna hiyo haina msimamo. Akashikilia lake. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam alikuwa nazo za aina mbili, zenye bushi za mpira na zenye vichwa vya chuma. Tukachagua za mpira kwa ajili ya mashimo yetu, zikaja kwa treni.

Nilizifunga vizuri. Nikavuta kamba toka tairi la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto, nikazungusha nati mpaka ekseli ikakaa katikati. Ndizeye akaondoka anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu kabla ya siku ile.

Haikupita wiki akarudi. "Bwakeye, fundi," alinisalimu kwa Kirundi chake, nami nikamjibu mwakeye kwa Kiha changu, kisha akayanyooshea kidole matairi ya nyuma. La kulia lilikuwa limetokeza nje, la kushoto limezama ndani. Gari lilikuwa likienda upande kama mbwa aliyepigwa jiwe.

Nikarekebisha. Likarudi. Nikarekebisha tena, likarudi tena, na kosa ni lile lile, upande ule ule. Nilichanganyikiwa. Nikaishuku kamba yangu, nikayashuku macho yangu, nikaweka beseni la maji katikati ya uwanja nione kama ardhi imeinama, hata wenzangu wakaniuliza leo nafua nini. Nilimwambia Ndizeye pengine tulikosea kuchagua, pengine mpira unasukumika, tungechukua zile za vichwa vya chuma. Hata mimi mwenyewe sikuyaamini maneno hayo, kwa sababu nati zilikuwa pale pale nilipozikaza na alama yangu ya rangi haijasogea.

Ndizeye akasema ninaliharibu gari lake makusudi ili asiondoke. Neno hilo liliniuma sana.

Safari iliyofuata alikuja na Inamahoro, wakiwa njiani kwenda soko la Mwanga, ambako mama yule alikuwa amepata kazi ya kushona. Jazba ilikuwa imenipanda. Nilimwambia Ndizeye gari limeinuka nyuma, sijui kwa nini, na leo nafungua turubai. Akakataa. Mzigo ule aliufunga mwenyewe, na hakuna wa kuugusa mpaka nyumbani.

"Fungua, fundi," Inamahoro akasema.

Nikafungua. Turubai lilikuwa limetuna vile vile kama siku ya kwanza, lakini chini yake kulikuwa na majani makavu ya migomba. Nikavuta, majani. Nikavuta tena, majani. Chini kabisa lilikuwapo gunia la maharage, peke yake.

"Ni mimi," Inamahoro alimwambia mumewe. "Kidogo kidogo, ukiwa kwenye redio. Cherehani ziko Mwanga, barazani kwa mama mmoja, Mwanvua. Nashonea watoto wa shule."

"Ulisema unashona kwa cherehani ya mtu."

"Kila Jumapili unaniambia tunarudi, baba Ella. Ningekuambiaje kwamba mimi nimeacha kuingoja?"

Ndizeye akauliza mbona maharage ameyaacha. Inamahoro akajibu kwamba hayo ni mbegu ya mama yake mzazi, mkono ulikataa kuyatoa.

Hapo kichwa changu kikatulia. Kila kilipotoka kitu, gari liliinuka, na likiinuka, rodi ya ubavuni, moja ya zile za nyuma, huivuta ekseli pembeni. Nilikuwa nalipima gari ambalo kila siku lilikuwa jingine. Nikauliza kama fundi, ingawa nilijua si swali la fundi peke yake. "Mzee Ndizeye, nilipime kwa mzigo, au likiwa tupu?"

Aliyasukuma majani yale pembeni. Kisha akalivuta gunia, akalitwika begani, akamwuliza mkewe kama anamjua mtu yeyote wa Kalinzi anayekodisha shamba, maana mvua zimeanza na mbegu haitangoja msimu mwingine.

"Lipime tupu," akaniambia.

Nikamwambia siku wakipakia tena waniletee, nitazungusha nati tu, rodi alizochagua zinakubali. Wakaenda Mwanga kwa miguu, yeye na gunia lake mbele.

Nilimaliza mapema, matairi yakakaa sawa pande zote. Jioni nikamsubiri aje kulichukua. Hakuja, wala hakutuma mtu, na gari likalala gereji.