Vikombe vya Laini Kumi na Mbili

Bi Sihaba alimpa mkwe wake sharti mbele ya mashahidi wawili, katika mkahawa wa Waislamu pale Xiaobei, mabakuli ya tambi yakiwa bado mezani. Ulikuwa mwaka 1998, na Hafidh alikuwa amekaa Guangzhou miezi mingi bila mkewe.

"Rotich anataka vikombe vya shaba vya risasi," alisema. "Ukivipata, akavikubali, ofisi ya huku nakuachia wewe, na Hasna atakufuata kabla ya Ramadhani. Akivikataa, umwache mwanangu. Nimechoka kulea ndoa ya simu."

Hafidh alitazama meza. Katika nyumba ile aliyooa, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hambishii, wala hamwombi kitu kwa kinywa chake. Haja zake zote hupitia kwa mke. Na mke alikuwa Dar es Salaam.

"Nimekubali, mama," akasema. Mashahidi wakaendelea kula.

Rotich alikuwa mnunuzi kutoka Eldoret, aliyetumwa na klabu ya walenga shabaha. Wanachama wake walikuwa wakiyeyusha madini ya risasi wenyewe na kuyamimina kwenye kalibu ili kupata vichwa vya risasi vya bunduki zao. Kichwa laini namna ile, kikisukumwa na gesi ya baruti, huyeyuka takoni, huchafua kasiba, yaani tundu la mtutu, na kwenda kombo. Kinga yake ni kikombe cha shaba, kidogo kuliko ukucha, kinachovishwa kwenye tako la kichwa ili kiupokee moto.

Hafidh alizunguka na sumaku mfukoni. Katika maduka ya vifaa vya viatu alioneshwa vikombe vinavyong'aa kuliko dhahabu.

"Laoban, hii shaba kweli?" aliuliza, kwa jina ambalo wafanyabiashara wote humwitia mwenye duka.

"Shaba, rafiki. Shaba sana."

Hafidh alitoa sumaku. Kikombe kikairukia.

"Ah," alisema mwenye duka bila haya, "sumaku yako imekipenda."

Vya bati vilivyopakwa rangi alivikataa. Vya aluminiamu alivikataa pia, kwa kuwa Rotich alisema shaba, naye hakutaka kuacha hata mlango mdogo wa lawama. Mwishowe, nyuma ya mtaa wa nguo wa Shisanhang, aliikuta karakana ya Bwana Liang, aliyekuwa akipiga vifungo vya suruali za jinzi. Sumaku haikushika kitu. Shaba ilikuwa ngumu kupita kiasi, basi Hafidh akamwomba Liang aichome mpaka iwe nyekundu na kuipoza, ili mdomo wa kikombe ulegee na kukumbatia risasi badala ya kupasuka. Liang alimwona mtu wa ajabu, lakini akakubali.

Vikabaki vipimo. Wauza nguo hupima kila kifungo kwa laini, na laini arobaini hufanya inchi moja. Hafidh alikuwa amenunua vifungo tangu ujana wake. Alizijua laini kama wengine wanavyozijua sura za jamaa zao. Bunduki za Rotich ziliitwa 7.62. Akapiga hesabu kwenye kiganja cha mkono: laini kumi na mbili ni milimita 7.62, bila kuzidi wala kupungua. Alicheka peke yake uchochoroni. Ulimwengu wa bunduki, ambao hakuujua, ulikuwa umekuja kukutana naye katika ulimwengu wa vifungo.

Kosa hilo lisingefanywa na mtu mwingine yeyote isipokuwa muuza vifungo. Milimita 7.62 ni upana wa kasiba kabla ya kuchongwa mifereji. Kichwa cha risasi hujaa mpaka ndani ya mifereji, kwa hiyo humiminwa kinene zaidi, na kikombe chake lazima kilingane nacho. Yeyote ambaye angekishika kichwa kimoja mkononi angelijua hilo mara moja. Rotich alikuwa amekuja na kimoja cha mfano, akamkabidhi Bi Sihaba siku ile ile alipotua uwanja wa ndege wa Baiyun, amfikishie mkwewe. Kilikaa ndani ya mkoba wa Bi Sihaba, kando ya tasbihi na pipi za karafuu.

Hafidh alipompelekea kikombe cha kwanza, Bi Sihaba alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umepima?"

"Nimepima, mama. Laini kumi na mbili."

"Una hakika, baba?"

"Hata nukta haizidi."

"Basi waambie wapige vyote," alisema kwa upole, na akampa pipi.

Siku ya kukabidhi mzigo walikutana katika chumba cha Rotich hotelini. Rotich alichota kikombe kwenye mfuko, akakisifu kwa wepesi na ulaini wake, kisha akanyoosha mkono kwa Bi Sihaba.

"Nipatie ile sampo, mama."

Bi Sihaba akafungua mkoba. Hafidh alikiona kichwa cha risasi kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Rotich alikigandamiza kikombe takoni. Hakikuingia. Alijaribu kingine. Hafidh akakichukua chake, akasukuma kwa vidole gumba vyote viwili mpaka mdomo ukachanika.

"Haiingii, boss," Rotich alisema. "Lakini wewe si ulipewa hii sampo kwanza? Nilileta ndiyo upimie."

"Hakuniomba," alisema Bi Sihaba.

Rotich aliwatazama kwa zamu. "Si kitu. Apewe wiki nyingine. Mimi nangoja."

"Huna haja ya kungoja." Bi Sihaba alitoa mfuko mwingine na kuukung'uta kitandani. Vikombe vilimwagika. Rotich alikivisha kimoja, kikakaa barabara. Vilipigwa na Liang yule yule, siku moja baada ya vile vya Hafidh.

Kisha Bi Sihaba alipiga simu Dar es Salaam. "Hasna, mumeo ana neno," alisema, akampa Hafidh mkonga.

Hafidh alimweleza mkewe yote: sharti, laini, mkoba. Alisema, "Mama yako amenidanganya, nami sikuachi." Kwa mara ya kwanza aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni.

Hasna akauliza:

"Sharti hilo ulilikubali lini?"

"Mwezi uliopita."

"Tumeongea kila Ijumaa, Hafidh. Ukaniuliza hali ya mvua."

"Nisingeweza kumbishia mama yako. Unajua."

"Kumbishia hukuweza. Kuniweka mimi dau uliweza. Vingeingia, ungeniambia?"

Hafidh alikigeuza kiganjani kikombe kilichochanika.

"Basi itamke talaka," alisema Hasna. "Mama nitaonana naye akirudi, ana yake. Lakini hii itamke kwa sababu yangu mimi."

"Hasna."

"Tamka, nasikiliza."

Akaitamka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayetaja kipimo. Rotich alikuwa ameinamia kitanda, akivisha kikombe, akikivua, akikivisha kingine, ili asionekane kusikia. Bi Sihaba alipokea mkonga, akaweka sikio, na kukuta simu imekwisha kukatwa.