Kibe na Diski Tatu Chini ya Leso

Mtu akikuambia kazi ni ya dakika mbili tu, mnyang'anye bisibisi. Waringa hakumnyang'anya mumewe Kibe, na ndiyo maana Jumamosi hiyo, wageni wakitarajiwa mchana nyumbani kwao Mountain View, alikuwa amesimama sebuleni amejishika kiuno, hasira zimemfika kooni.

Laptop yake ya kuhariri video za harusi ilikuwa imejaa pomoni. Ndani mlikuwa na diski moja tu, na humo mlikuwa na video ya ruracio yao, siku Kibe alipokuja kumposa: marehemu mama yake Waringa amesimama mbele ya hema akiwabariki. Waringa hakujua sauti nyingine ya mama iliyobaki popote. Leo, mwaka mmoja tangu wamzike, ukoo wote ulikuwa unakuja kumsikiliza.

"Tupeleke town kwa fundi Nayan," alikuwa amemsihi.

"Ya nini, Mama Ndungu?" Kibe akamjibu mkewe. " Laptop ina nafasi mbili. Natoa ya zamani, naweka mpya mbili, nakurudishia vitu vyako. Wacha wasiwasi!"

Basi bwana akanunua mbili za aina ileile ya zamani, ati zipatane. Akabandua stika zote, ati zinaleta joto. Kisha, Mungu wangu, akazipanga zote tatu mezani, akazifunika kwa leso ya mkewe zisiingie vumbi, akatoka kupokea simu. Aliporudi akapenyeza mkono chini ya leso, akatoa mbili, akazifunga ndani ya laptop, akafuta kila kilichokuwa ndani yake, zianze upya, akipiga mbinja.

Sasa ile ya tatu, aliyodhani ndiyo ya zamani, ilikuwa imeunganishwa kwa waya, na haikuwa na kitu. Nyeupe pee.

"Jaribu tena," Waringa akasema.

"Nimejaribu."

"Jaribu tena, Kibe!" Akimwita kwa jina, ujue mambo yameharibika.

Kibe akampigia Nayan. Diski za siku hizi zikifutwa hivyo hazirudishi kitu, Nayan akamwambia, pole sana.

"Wewe na vitu vilivyofunikwa leso!" Waringa akafoka. "Siku ya ruracio uliletewa wasichana wamefunikwa gubigubi, uchague bibi yako. Ukachagua nani?"

"Waceke," Kibe akajibu, macho kwenye viatu.

"Binamu yangu! Ukatozwa mbuzi, watu wakacheka mpaka wakalia, na bado hukujifunza! Sasa umenifutia mama!" Akaketi akalia.

Kibe akainua macho. Kisha akasema tena, polepole, "Waceke." Kila mwaka Waceke humtumia video fupi ya aibu ile, kumtania, naye huifuta bila kuifungua. Akampigia akamwomba aitume tena.

Ikaja. Picha inatikisika, Kibe amemshika Waceke mkono, amejaa maringo, akina mama wanapiga vigelegele. Halafu, karibu kabisa na simu iliyorekodi, mtu anacheka mpaka pumzi zinamwishia.

"Ngai, Mungu wangu! Huyu mtoto ataangalia vizuri lini?" ikasema sauti ya mama. "Waringa, mvumilie tu. Macho hana, lakini moyo anao."

Waringa akaicheza mara ya pili, mara ya tatu. Akaichukua leso mezani, akajifuta uso.

"Weka kwa diski zote," akasema. "Na usifunike kitu."