Mdoli Aliyefumba Macho

Usiku wa jana niliota nimeingia chuoni na sare nyeupe ya mjukuu wangu Subilaga, miguuni nina viatu vyangu vya shambani.

Subilaga anasomea shahada ya uuguzi. Asubuhi hii alikuwa na mtihani wa kurudia, wa kumchoma mdoli sindano. Akishindwa tena, anarudia mwaka mzima. Kuchoma anajua. Tatizo ni macho ya yule mdoli: yanamkodolea bila kupepesa, na mikono inamtetemeka.

Kwa hiyo nimekwenda kumfanyia. Msimamizi ni stendi ya dripu iliyovaa miwani.

"Jina?"

"Bibi yake Subilaga."

"Inatosha. Mgonjwa wako yuko kitanda cha mwisho."

Natembea darasani mpaka sakafu inakuwa udongo. Kitanda cha mwisho kiko nyumbani kwetu Tukuyu, katikati ya migomba. Mdoli amelala chali. Anakohoa.

Nageuka haraka, nampa mgongo. Ni baba mkwe wangu, marehemu. Kwetu, enzi zetu, mke hakumtazama baba mkwe wala kusema naye. Akisikia mkwe anakuja, alijificha migombani. Uso wake sikuwahi kuuona. Nilimjua kwa kikohozi.

"Mimi siingii bila ridhaa ya mgonjwa," ikasema sindano. "Ndiyo kanuni."

"Siruhusiwi kusema naye."

"Basi tukae." Ikajilaza kwenye trei, ikajifunika pamba.

"Nitapeleka maneno mimi," ukasema mto. "Nimezoea kusikia ya watu na kunyamaza."

Nikaushukuru. "Mwulize kama anakubali kuchomwa."

"Anauliza, anayechoma ni nani?"

"Mwambie, mke wa mwanawe Ambakisye."

Kikohozi kirefu.

"Anasema, yule aliyekuwa akimwachia ndizi za kuchoma mlangoni, kisha anakimbia? Anasema alizila zote, ila hakujua ashukuruje mtu asiyesimama. Anakubali. Anauliza pia kwa nini zilikuwa zinaungua upande mmoja."

"Mwambie moto ulikuwa mkali."

Sindano ikaamka. Lakini mimi bado nimempa mgongo, na mgongo hauchomi sindano.

"Mto, mwambie macho yake yananizuia. Si mimi tu. Yanamzuia na kitukuu wake."

Migomba ikatulia.

"Amefumba," ukasema mto. "Anasema hafumbui mpaka mtoto amalize."

Nikageuka, nikachoma. Stendi ya dripu ikavua miwani, ikafuta jicho ambalo haina.

"Vizuri. Ila hujampa pole."

Kabla sijampa, simu ikaniamsha. Kumekucha. Ni Subilaga, ananong'ona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Umeshaingia?"

"Tunasubiri mlangoni. Bibi, mdoli amefumba macho. Fundi amehangaika naye na bisibisi mpaka amechoka. Mwalimu kasema tuendelee hivyo hivyo."

"Na mikono yako?"

Nadhani aliitazama kwanza.

"Imetulia."

"Basi ingia. Ukishamchoma umpe pole."

"Bibi, ni plastiki."

"Mpe tu. Na umwambie moto ulikuwa mkali."