Mafuta Yaliyomzuia Mgeni

Niyomwungere alikuwa akipepeta maharage nje ya wodi ya wanaume, katika hospitali moja mjini Kasulu, muuguzi wa chumba cha upasuaji alipomjia, buti za mpira miguuni na barakoa kidevuni.

"Mama, daktari anakuita ndani. Mafuta ya mzee yamegoma."

Niyomwungere alimwachia ungo Loyce wa Heru Juu, mgonjwa mwenye uvimbe ubavuni ambaye zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa inafuata. Akanawa mikono, akavishwa gauni la kijani.

Bazilio, mumewe, alikuwa mtu asiyeachia mgeni, na Kibondo ilimjua hivyo. Ukipita kwake kuazima jembe, utaondoka kiza kimeingia, umeshiba ugali wa muhogo, umesindikizwa hadi barabarani, na jembe umelisahau. Fundi mmoja aliyekuja kurekebisha bawaba ya mlango alikaa mpaka mavuno. Kwa Bazilio hakuna aliyeaga kwa kusimama tu na kusema, "Haya, mzee, naenda." Ukifanya hivyo atakushika kiwiko: "Kaa kidogo." Kuaga kulikuwa na utaratibu wake. Unakaa upya, unapiga makofi ya taratibu, yale Waha wanayosalimiana nayo, unaulizia watu wa nyumba mmoja mmoja, ndipo unaomba njia. Unanyimwa. Unaomba tena.

Kivimbe cha kwenye figo nacho kilikuja kama mgeni na kikakaribishwa vilevile. Zahanati walimpa Bazilio dawa za ngiri, kisha za vidonda vya tumbo, kisha wakarudi kwenye ngiri, kwa sababu mashine ya kupiga picha ilikuwa mbali. Kivimbe kikapata nafasi ya kunenepa. Figo ya upande wa pili ilikuwa imeshakufa kwa presha. Kwa hiyo daktari Rashid, mtu wa Pangani aliyekuja na kambi ya madaktari bingwa, alitakiwa akate kivimbe na kuiacha figo ilipo. Ikitoka yote, Bazilio hatakuwa na ya kuishi nayo.

"Shikamoo, mama," daktari alisema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

"Mafuta yanayozunguka figo kwa kawaida yanabanduka kama ganda la ndizi mbivu. Haya yamenata kama ulimbo. Nikivuta, ngozi ya figo inachanika, damu inamwagika. Na sasa yamenishika na mkono."

Kweli, mafuta ya manjano yalikuwa yameuzunguka mkasi na vidole viwili vya glovu, kwa upole, namna Bazilio alivyoshika viwiko vya watu.

"Uliingia vipi?" Niyomwungere aliuliza.

"Kwa ubavuni."

"Ulisalimia?"

Daktari alimtazama mtaalamu wa usingizi. Mtaalamu wa usingizi akaitazama mashine yake.

"Sikusalimia."

"Kwenu Pangani watu hawapigi hodi?"

"Wanapiga, mama."

"Basi. Umeingia kwa mtu kimya, unamchukua mgeni wake kimya. Nani atakuachia?"

Daktari akaletewa kigoda, akakaa. Kwa kuwa mkono wake mmoja ulikuwa umeshikwa, muuguzi alimsaidia kupiga makofi. Akaomba radhi kwa kuingia bila hodi. Akaulizia hali ya ini, akaulizia bandama, akauliza utumbo umeamkaje. Kisha akaomba njia kwa niaba ya kivimbe. Mafuta yakabana zaidi.

"Hapo umenyimwa," Niyomwungere alieleza. "Ni heshima hiyo. Omba tena."

Aliomba tena, na tena. Mafuta yakaanza kuachia uzi baada ya uzi, bila haraka, hadi figo ikaonekana nzima, haina mchubuko. Daktari alikata kivimbe, akashona. Kipande kidogo cha mafuta kilikisindikiza kivimbe hadi ukingoni mwa bakuli, kisha kikarudi mahali pake. Muuguzi alikipisha.

Bazilio aliamka jioni akauliza kama watu wamekula. Upasuaji wake ulikuwa umemaliza siku nzima, nayo ilikuwa siku ya mwisho ya kambi.

Asubuhi gari la madaktari liliwashwa. Waliokuwa hawajafikiwa walitoka kwenye benchi, Loyce mbele, wakamshika daktari Rashid viwiko.

"Kaa kidogo, baba," Loyce alisema.

Daktari hakubishana. Alikaa kwenye ngazi ya saruji, akapiga makofi taratibu, mikono yote miwili. Akaulizia muhogo wa Heru Juu, akaulizia wajukuu, akaulizia uvimbe wa kila mmoja. Kisha akaomba njia. Walimnyima. Akaomba tena, kwa sauti nzuri, na hapakuwa na kosa lolote la kumshikia. Mikono ikaachia yenyewe. Walimpa ndizi za njiani, wakamsindikiza hadi getini. Kambi nyingine itakuja lini, alisema, hajaambiwa.

Loyce alisimama akilitazama vumbi, kiganja ubavuni.

"Huyu nani kamfundisha kuaga?"

"Mafuta ya mzee," Niyomwungere alijibu.

"Yamemfundisha vizuri," Loyce alisema, akarudi kukaa kwenye benchi.